Ngumi Isiyofika

Sakai, Juni 11, Ijumaa

Mvua za masika zimeanza rasmi. Redio imetangaza asubuhi, kana kwamba tulikuwa tunaihitaji redio. Kuta zinatoa jasho, nguo za mazoezi za wanafunzi zimeanza kuota ukungu mabegani, na mfuaji ni mimi, maana katika nyumba hii ngumi ni za wanaume na jasho la ngumi ni langu.

Mume wangu Isao kachagua siku hii ya leo kumwambia Baba. Tulikuwa tunakula. Akaweka vijiti chini, akarudi nyuma kidogo, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Baba, naomba ruhusa. Julai kumi na nane nataka kupanda ulingoni kule Osaka. Glavu mkononi, mateke ruksa, na kupigana ni kupigana kweli. Mpinzani ni bondia wa Kitailandi."

Baba akaendelea kutafuna figili yake. Akamaliza, akanywa chai, akatazama uwanjani. "Mvua imeanza," akasema, akanyanyuka akaenda zake ukumbini anakofundishia karate.

Isao akanigeukia. "Sasa hapo amekubali?"

"Muda wote uliokaa humu bado hujamjua? Hapo amekataa mpaka kwa niaba ya wajukuu."

Nikajuta papo hapo, kwa kuwa wajukuu hatuna, na wote wawili tukaangalia mabakuli.

Juni 12, Jumamosi

Mvua. Bi Otsune muuza tofu ameshasikia. Kaniuliza kama ni kweli mume wangu anakwenda kupigana na chui. Nikamwambia ni Mtailandi. Akasema, "Heri chui, mwanangu, chui hana magoti."

Juni 14, Jumatatu

Niandike mambo yalivyo, nikija kuyasoma uzeeni nisijidanganye.

Baba, Kurahashi Tamekichi, hakupata mtoto wa kiume. Alinipata mimi tu. Kwa hiyo nilipofikia umri, akamchagua mwanafunzi wake bora kuliko wote, Isao wa ukoo wa Nishiura, mtoto wa mfinyanga vigae wa Awaji, akamwingiza nyumbani. Siku ya harusi si mimi niliyebadilisha jina, ni yeye. Akawa Kurahashi. Kibao chenye jina lake kikatundikwa ukutani ukumbini, cha pili baada ya cha Baba. Siku Baba atakapoondoka duniani, ukumbi ni wa Isao. Ndivyo ilivyopangwa, na hakuna aliyelalamika, hata mimi ambaye hakuna aliyeniuliza.

Na karate ya Baba ni hii: ngumi haigusi. Inaruka kwa nguvu zote, ukelele unatoka tumboni, na pale pale kwenye ukelele ngumi inasimama, unene wa karatasi kutoka kwenye ngozi ya mwenzako. Baba akiwa kijana alikuwa anasimamisha ngumi kwenye kope za mtu, na kope zinatikisika kwa upepo. Watu walikuwa wanatoka Kobe kuja kuona. "Anayegusa ameshindwa kujizuia," husema Baba, "na asiyeweza kujizuia ni mhuni tu aliyevaa nguo nyeupe." Nimekua na maneno hayo kama wengine walivyokua na nyimbo za kubembelezwa.

Leo Isao kamjibu mbele ya wanafunzi. Kwa adabu, lakini kamjibu. "Mwalimu, na ambaye hajawahi kugusa, atajuaje anachokizuia ni kitu gani?"

Nilikuwa nyuma ya ukuta wa karatasi na ndoo yangu, nikasikia mvua tu.

Baba akasema polepole: "Siku utakapopanda ulingoni, ndiyo siku utakayoshuka kutoka nyumba hii. Jina ulilovaa utalivua."

Nilimfuata Isao jikoni nikamwambia hana shukrani. Nilimwambia Baba alimwokota kwenye moshi wa tanuru akamfanya mtu. Yeye alikuwa anajaribu kukunja glavu za ndondi alizoazima, ngumu kama mkate wa juzi.

Juni 16, Jumatano

Mvua. Nimenunua plamu mbichi za kutia chumvi. Hatusemezani.

Juni 19, Jumamosi

Mtailandi mwenyewe nimemwona. Anaitwa Prasong. Nilifikiri ataletwa na minyororo. Ni kijana mwembamba, masikio makubwa, anatetemeka kwa baridi ya mvua yetu, amevaa sweta mbili za promota. Isao amekodi banda la nyuma la fundi baiskeli ili afanye mazoezi, na Prasong, ambaye hana mtu wala kazi hapa mpaka siku ya pambano, anakuja kujipasha joto hapo hapo na mpinzani wake! Nikamuuliza Isao ni mchezo gani huu. Akasema kwa Prasong kupigana ni kazi kama kazi nyingine. Hana haja ya kumchukia mtu ndipo ampige.

Niliwapelekea wali na plamu za mwaka jana. Prasong akatia moja mdomoni, macho yakamtoka, akaitema kiganjani akanionyesha kama mtu anayerudisha jino. "Dada," akasema kwa Kijapani chake cha kuokoteza, "hii mbaya. Umekasirika nani?"

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka.

Kisha wakavaa glavu. Prasong akajipiga kidevuni, hapa, piga hapa. Isao akakaa mkao, akaruka, ukelele ukatikisa mabati ya banda. Ngumi ikasimama mbele ya kidevu. Unene wa karatasi.

Prasong akasubiri. Akatazama glavu, akamtazama Isao, akainusa ile glavu. "Tena," akasema.

Tena. Ikasimama. Tena. Ikasimama. Kwenye gunia la mchanga Isao anapiga mpaka dari inadondosha vumbi. Kwenye uso wa mtu, mkono unakataa. Nilimwona anavyoukasirikia, kama mtu anayemvuta punda.

"Mkono wako," Prasong akasema, "unaona aibu."

Isao akacheka naye. Njiani kurudi nyumbani hakucheka. Mimi nami, niliyekuwa nimemnunia, roho ilikuwa juu. Kwa sababu nilimwona Prasong alipopiga gunia teke moja tu, kwa kujinyoosha. Huyo mguu wake hauna aibu hata chembe.

Juni 22, Jumanne

Mvua. Ukungu umefika kwenye viatu.

Juni 25, Ijumaa

Isao kamwomba Yasumori amsaidie, asimame apigwe kwa glavu, taratibu, ili mkono uzoee. Yasumori ndiye mwanafunzi mkubwa baada yake, kibao chake ni cha tatu. Ni mtu mpole, nywele kazilaza kwa mafuta, kwa adabu zake hajawahi kukanyaga ukingo wa mkeka. Kakataa kwa heshima zote. "Kaka, mimi nikiguswa nitakuwa nimekubali kwamba ulikuwa sahihi."

Baadaye kanikuta kisimani. "Dada Chizuru, pole na mitihani ya nyumbani."

"Mitihani gani? Mimi nafua."

"Ndiyo hivyo, Dada. Pole."

Sijapenda ile pole. Ilikuwa kama ya mtu anayepima mlango kabla ya kuleta kabati lake.

Juni 27, Jumapili

Wageni wa chama cha karate wamekuja, Baba akawaonyesha ile ya kope. Zamani alikuwa yeye mpigaji. Siku hizi anakaa yeye, apigwe, ili waone imani yake kwa wanafunzi. Alikuwa anakaa mbele ya Isao. Leo kakaa mbele ya Yasumori.

Ukelele, ngumi, kimya. Wageni wakapumua "aaah" kama wanavyopumua siku zote. Lakini mimi nilikuwa nimesimama upande wa chai, na nilimwona Baba. Alifumba macho. Alifumba kabla ngumi haijaanza safari. Na alipoyafumbua yalikuwa na maji, akajifanya anafikicha.

Maisha yangu yote nimeamini baba yangu haogopi kitu. Nimekaa na jambo hili tangu mchana na sijui niliweke wapi. Labda ni uzee. Au labda siku zote ilikuwa hivyo, ila mimi nilikuwa naangalia ngumi.

Juni 30, Jumatano

Mvua, mvua, mvua. Gazeti limeandika kuhusu pambano. Wameliita "fujo ya kisasa". Isao kalikata akaliweka mfukoni, kafurahi kuliko kama angesifiwa.

Julai 3, Jumamosi

Nina hasira.

Nimepeleka chai chumbani kwa Baba. Yasumori alikuwa amepiga magoti mbele yake. Baba hakunyamaza nilipoingia, kwa sababu hakuna anayemnyamazia mleta chai. Alikuwa anasema: "Isao akishuka, wewe utapanda. Utachukua jina, utachukua ukumbi na vyote vilivyomo."

Yasumori akainama. Alipoinuka akanitupia jicho, haraka, kwa haya kidogo, kama bwana harusi.

Na vyote vilivyomo.

Nilimsubiri Baba kwenye ubaraza anapoosha miguu. Nikashika taulo, sikumpa. "Baba, mimi ni mkeka?"

"Nini?"

"Au ndoo? Nataka kujua nimo kwenye hesabu gani. Mikeka, vibao, ndoo, Chizuru."

"Usiwe na kelele. Nyumba lazima iwe na mtu. Yasumori ni mtu mzuri."

"Isao ulimchagua wewe. Ulisema ndiye bora. Nikamkubali kwa sababu ulisema. Nikajifunza kumpenda, Baba, ilinichukua muda, nikajifunza. Sasa nijifunze na mwingine?"

Akanyoosha mkono, taulo. Sikumpa. Miguu yake ilikuwa imekonda, kucha za njano. "Wewe ni Kurahashi," akasema. "Isao aliazimwa jina. Wewe umezaliwa nalo. Mimi sina mwingine, Chizuru."

Nikampa taulo. Najichukia kwamba nilimpa, na najua ningempa tena.

Julai 4, Jumapili

Nimemwambia Isao yote. Akasema, "Yasumori anakoroma. Nimesafiri naye."

"Ndiyo jibu lako?"

"Nakuonya tu."

Nikampiga na mto. Ndiyo mara ya kwanza tumecheka pamoja tangu mvua ianze. Kisha sikucheka tena, nikamwambia ukweli: kwamba naogopa. Akipanda, tumeondoka. Asipopanda, tunabaki, na yeye atakuwa mtu aliyebaki. Sijui kipi kibaya zaidi.

Julai 6, Jumanne

Isao amerudi kutoka bandani hajagusa mtu bado. Nikakata shauri. Nikachukua mto wa kukalia, ule mnene wa wageni, nikaushika kifuani, nikasimama katikati ya chumba. "Piga."

"Toka hapo."

"Mto huu. Piga. Mimi nipo nyuma, sitakufa."

"Chizuru, usinitie majaribuni."

"Jumapili ya baada ya ijayo yule kijana atakuvunja mapaja na wewe utakuwa unamwonyesha glavu kama muuza viatu! Piga!"

Akapiga. Ukelele wake ulinipasua masikio, upepo wa ngumi ulinifikia shingoni. Na mto haukutikisika. Nilikuwa nimeuma meno kusubiri, na hakuna kilichokuja. Nilitokwa na machozi ya hasira. Yeye akakaa chini palepale akatazama ngumi yake kama si yake.

Baba alikuwa uani. Alikuwa amesikia ule ukelele. "Ukelele mzuri," akasema kupitia ukutani. Sijui alikuwa anadhihaki au anasifia.

Julai 9, Ijumaa

Mvua. Mtaro umefurika. Nimechota maji jikoni mchana kutwa.

Julai 12, Jumatatu

Isao hali chakula vizuri. Anatafuna, anaacha. Nilidhani ni uzito. Leo tulikuwa tunamwaga maji ya mtaroni, yeye na ndoo na mimi na ndoo, akasema bila kuniangalia:

"Mwaka juzi kuna mwanafunzi wetu mmoja alivamiwa na walevi wawili stesheni. Mwanafunzi mzuri. Alirudi amevunjwa pua. Nikamuuliza, kwani hukupiga? Akasema, 'Nilipiga, Mwalimu. Nilipiga vizuri kabisa. Wote nikawasimamishia puani.'"

Nilitaka kucheka. Uso wake ulinizuia.

"Mimi ndiye niliyemfundisha," akasema. "Nasimama pale kila siku, vijana wananiinamia, na sijui kama ninachowapa ni kitu au ni upepo. Sitafuti sifa, Chizuru. Nataka kujua tu. Kama ni upepo, nikafinyange vigae."

"Kwa nini hukumwambia Baba hivyo, badala ya kujibizana naye mbele za watu?"

"Nilimwambia. Zamani, tukiwa wawili. Akasema nisirudie tena swali hilo maishani mwangu." Akamwaga ndoo. "Alikuwa ameogopa. Nikaelewa kwamba naye anajiuliza."

Nikakumbuka yale macho yaliyofumbwa, lakini sikusema. Ni baba yangu.

Julai 15, Alhamisi

Mvua ya kufa mtu. Baba kaniita ukumbini, akanikalisha pale wanapokaa wageni. Kasema hatamzuia Isao. Kasema hatanizuia na mimi. Lakini Jumapili nikitoka kwenda Osaka kumtazama, nijue nimechagua, na nisimtafutie maneno baadaye.

"Nani atakupikia?" nikamuuliza. Ndicho kilichonitoka mdomoni. Ni swali la kijinga.

"Wali najua kupika," akasema. Hajawahi kupika wali.

Julai 17, Jumamosi

Nimekunja nguo zangu. Nikazikunjua. Nikazikunja.

Julai 19, Jumatatu

Naandika nikiwa chumba cha juu cha Bi Otsune, harufu ya tofu mpaka kwenye karatasi. Isao amelala, paja la kushoto jeusi kama bilinganya. Sasa niandike ya jana.

Nilienda. Niliondoka asubuhi, Baba alikuwa amekaa ukumbini mgongo mlangoni. Nikasema, "Natoka, Baba." Siku zote mtu akiaga hujibiwa, nenda urudi. Hakujibu.

Ukumbi wa michezo ulijaa pomoni, moshi wa sigara na makoti ya mvua yaliyolowa. Nilikaa safu ya mbele na jamaa wa fundi baiskeli. Isao akapanda bila nguo ya mazoezi, kifua wazi, kaptura tu, na mimi niliyemfulia zile nguo maisha yote nikamwona kama mtu aliyetoka kuoga akakuta wageni. Prasong akacheza ngoma ya kwao ya kuomba baraka. Watu wakatulia. Kisha kengele.

Raundi ya kwanza Isao alikuwa mwepesi, mzuri, na akaipata nafasi mapema. Akaruka. Ukelele. Glavu ikasimama mbele ya pua ya Prasong.

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Mpige basi, au unamwonyesha pete?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Prasong hakucheka. Akampiga teke la paja, mlio kama godoro lililolowa likipigwa na fimbo. Tena palepale. Isao akaruka, ukelele, ngumi ikasimama. Teke. Watu wakaanza kuuigiza ukelele wake, kila akirusha wanapiga wao kwanza, halafu wanacheka. Niliwachukia mmoja mmoja. Nilitamani Baba angekuwepo asikie ukelele wake unavyochezewa, na nilishukuru kwamba hayupo.

Raundi ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na mbaya zaidi. Wakashikana shingo, goti la Prasong likapanda, likamkuta Isao mdomoni. Kinga ya meno ikatoka na damu. Pembeni wakairudisha ndani kwa nguvu, wakaziba na pamba, mdomo ukavimba ukajaa. Aliponitafuta kwa macho sikujua nifanye uso gani. Nikamwitikia kwa kichwa tu, kama ninavyomwitikia akiuliza kama kuna chai.

Raundi ya tatu. Prasong akaingia kwa teke lile lile, mikono chini, hana wasiwasi tena. Isao akarusha mkono wa kulia. Hapakuwa na ukelele. Mdomo ulikuwa umejaa, sauti haikuwa na pa kutokea.

Na ngumi ikafika.

Mlio ulikuwa mdogo. Maisha yote nimekaa nyuma ya ukuta nikiufikiria mlio huo, na ulikuwa mdogo tu, kama mtu kaweka kitabu mezani. Prasong akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, miguu mbele, kama mtoto kwenye mchanga.

Nilikuwa nimesimama. Kila mtu alikuwa amesimama. Na Isao, mume wangu, katikati ya ule ulingo, akaunganisha miguu, akabana mikono mapajani, akamwinamia.

"Konani!" watu wakapiga kelele. "Nenda konani, mjinga wewe!" Maana refa haanzi kuhesabu mpaka mpigaji aende konani. Refa alikuwa anamsukuma kwa mkono, na Isao bado kainama, kule kuinama kwa chini kabisa, kwa kumshukuru mwenzako kwa mafunzo. Alimaliza taratibu. Hakuharakisha. Alipofika konani na hesabu ikaanza, Prasong alishapata pumzi zake, akasimama kwenye saba, akapangusa pua.

Raundi ya nne Prasong alimpiga paja mpaka likakataa. Isao aliinuka mara mbili. Ya tatu refa akamkumbatia akamzuia. Amepoteza.

Lakini watu hawakukaa. Yule aliyepaza sauti ya pete nilimwona, mzee mmoja mwenye kofia ya kazi, anapiga makofi na sigara mdomoni mpaka majivu yanamwangukia kifuani.

Chumbani Prasong alikuja, ameshika taya na barafu. "Mkono sawa," akamwambia Isao. "Mkono aibu hapana tena. Wewe bado aibu." Akaiga kule kuinama, wakacheka wote wawili, damu kwa damu, wapumbavu. Nikawatazama nikaelewa kwamba mume wangu alikuwa na furaha. Nilimpenda, na ningeweza kumzaba kibao.

Tulirudi Sakai kabla ya jioni. Mvua ilikuwa nyembamba. Getini Yasumori alikuwa ametoa mabegi yetu mawili, ameyafunga vizuri kwenye kitambaa, ameyafunika na turubai yasilowe. Kazi ya mtu nadhifu. "Dada," akasema, "Mwalimu amesema wewe unaweza kuingia."

"Na mume wangu?"

Akatazama chini. Nilimwona ana aibu kweli, na nikamhurumia kidogo, kwa sababu nilijua hataipata furaha katika nyumba hiyo, hata akipewa na mikeka yote.

Isao akaniambia, "Nenda. Nitasubiri hapa." Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

Baba alikuwa palepale nilipomwacha asubuhi. Kibao cha pili hakikuwepo ukutani, palibaki alama nyeupe. Kando yake palikuwa na bakuli la wali aliopika mwenyewe, uji kwa chini na mbichi kwa juu. Nikapiga magoti. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno yote aliyowahi kuniambia.

"Ilifika?" akauliza.

Nilijua anauliza nini. Nilitaka aseme. "Nini, Baba?"

"Ngumi ya Isao. Ilifika?"

"Ilifika."

"Wapi?"

Nikajigusa taya. Baba akainua mkono wake mwenyewe akajigusa hapohapo, akauacha hapo.

"Mtu akaanguka?"

"Akaanguka."

Akavuta pumzi ndefu. Sijawahi kumwona anapumua hivyo, hata siku alipomzika mama. "Halafu?"

"Halafu Isao akamwinamia. Akamwinamia mpaka yule akapata nguvu akaamka. Kapoteza pambano kwa sababu hiyo, Baba. Watu walimwita mjinga."

Baba akafumba macho. "Hilo," akasema, "nilimfundisha mimi."

Nikasogea mpaka magoti yetu yakagusana. "Yuko getini. Mguu umevimba, hawezi hata kukaa. Mwite aingie."

Mdomo wake ulikuwa unatetemeka kama wa mtu anayetafuta neno la lugha ngeni.

"Nimeshaufunga mlango, Chizuru."

"Ufungue."

"Sijui unafunguliwaje," akasema baba yangu. "Mlango wa namna hiyo sijawahi kuufungua. Sijui."

Hasira yote ilinitoka, ikabaki huruma tu, na huruma haikutosha kunikalisha pale. Nikachukua lile bakuli nikala wali wake, wote, mbichi na uji, yeye akinitazama. Kisha nikainama. "Natoka, Baba."

Nilishavaa viatu niliposikia sauti yake kutoka ndani, ndogo. "Nenda urudi."

Isao alikuwa amejiegemeza kwenye nguzo ya geti. Yasumori alikuwa ameshaondoka. "Amesema nini?"

"Ameuliza kama ilifika."

"Aliuliza hilo?"

"Kabla ya kitu chochote. Akauliza na wapi."

Isao hakulia Prasong alipompasua mdomo, wala refa alipomshika. Sasa akageukia nyumba, akajaribu kuunganisha miguu, ule mbovu ukakataa, akainama hivyo hivyo upande upande, machozi na makamasi na damu vinadondoka kwenye mawe. Nikamshikia mwavuli mpaka alipomaliza. Kisha nikabeba mabegi yote mawili, akanishika bega, tukaanza kutembea.